Tanuri Lililozimwa kwa Ajili ya Wageni

Jumapili, 11 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Hujambo huko uliko? Sisi wa nyumbani hatujambo, na palipo na jambo nitakueleza huko chini. Shemeji yako alipiga simu jana. Anasema watoto wamejifunza kupika wali usiolika, na yeye amejifunza kuula. Ile likizo niliyoomba hospitalini ili nikae na mama inaisha Agosti, na matroni amekwisha kusema hataiongeza hata nikigaragara. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unazungumza kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Barua angalau utaisoma umekaa.

Mama yupo. Anakula, na ngazi anashuka mwenyewe. Kila asubuhi anaweka kiganja kwenye mlango wa tanuri, akisikia joto anasema, "Haya, wote wazima," ndipo anakunywa chai. Hilo hajalisahau. Mengine yanamtoka. Juzi alitia chumvi mara mbili kwenye unga, na Mkandaji akaenda kuumwaga kimyakimya asimwaibishe. Mimi ananijua asubuhi, ila ikifika jioni mara nyingine ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Wewe bado anakujua. Kila siku lazima aniulize, "Kitinda amekula?" Kana kwamba upo chumba cha pili. Nakuambia haya kwa makusudi: bado anakujua, na sijui itakuwa mpaka lini.

Sasa la kukuuliza. Amekuja bwana mmoja wa ofisi ya majengo ya kale. Mimi nikadhani amekuja kutufungia kwa ajili ya moshi, kumbe mwezi wa nne kuna Siku ya Milango Wazi. Majengo ya zamani yanafunguliwa, watu wanaingia kutazama: mahakama ya zamani, stesheni ya zamani, na safari hii wanatutaka na sisi. Anasema tanuri la mkate la kuni kama letu halijabaki jingine mjini. Nilimweleza kwamba babu aliliwasha kwa mkono wake na tangu hapo huzimwa kwa jambo moja tu, mtu wa nyumba hii akifa, na huwashwa tena akishazikwa. Akaandika haraka haraka huku anachekelea, utadhani nimempa mahari. Kila nilichosogelea anasema "usiguse", hata nilipotaka kufuta vumbi kwenye meza yangu mwenyewe. Mkandaji amempachika jina Bwana Usiguse na limeganda.

Nikubali? Nyumba ni yako pia. Na je, utakuja siku hiyo? Tangu uondoke sijakusikia ukilitamka neno "kuja".

Dada yako

---

Jumapili, 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika imelowa kona moja, nikasema huyu dada amelia, baadaye nikaona ni chai. Mimi mzima. Kiwandani biskuti zinatoka kama kawaida. Kazi yangu ni kubonyeza kitufe na kutazama mashine ikikanda. Mikono imekuwa laini hata kinyozi wangu anadhani mimi ni karani. Mwenye nyumba amepaka rangi ukuta, sasa koti langu lina rangi ileile.

Kubali, dada. Kubali kabisa. Mimi ni mteja mkubwa wa siku hizo. Huku pia zipo, na kila mwaka natoka asubuhi peke yangu, naingia nyumba za watu nisiowajua. Nimeona jengo la pampu za maji, yale magurudumu makubwa yamepakwa grisi kama yanangoja kuitwa kazini. Nimeona mahakama, nikakaa kwenye kiti cha mshtakiwa, kinauma. Mwaka jana niliingia nyumba ya daktari mmoja wa zamani. Wenzangu wakapanda juu kutazama vitanda na vioo, mimi nikabaki chini jikoni. Mwongozaji akanifuata akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nimefika. Jiko lilikuwa zuri, limesuguliwa, lakini baridi, halina harufu ya chochote. Niliingiza kichwa kwenye tanuri lao nikavuta pumzi nikaambulia sabuni.

Nyumba njema si mlango. Waache watu waingie waone ndani. Mama atafurahi, yeye na wageni tangu zamani ni chanda na pete.

Kuhusu kuja, likizo za huku ni za kupanga foleni. Tutaona. Mwambie mama nimekula.

Mdogo wako

---

Jumapili, 28 Aprili

Kitinda,

Naanza na salamu, maana nisiposalimia utajua kuna neno. Hujambo? Watoto wamefunga shule. Paa la stoo limevuja tena. Haya, salamu zimekwisha. Kaa chini.

Umekufa.

Usicheke, sina mzaha. Bwana Usiguse alikuja wiki ya mwisho akasema moto ni hatari kwa umma, tanuri lizimwe ili wageni wachungulie ndani waone matofali ya babu. Nilikataa. Akashikilia, akasema ni siku moja tu, jioni mnawasha. Nikakumbuka na wewe ulivyoandika kuhusu kuingiza kichwa, nikaona labda watu hupenda hivyo. Nikakubali. Mkandaji alinitazama tu, akachukua jembe la majivu akayatoa makaa. Mama nilimwambia. Nilimwambia tena na tena, "Mama, kesho tunazima kwa ajili ya wageni," akasema sawa, sawa. Nikajidanganya kwamba sawa yake ni sawa.

Asubuhi wageni walijaa uani. Bwana Usiguse alikuwa amewaambia wazungumze kwa sauti ya chini na wavue viatu wasichafue sakafu. Basi fikiria mwenyewe: viatu vimejaa mlangoni, watu wamesimama kwa adabu wananong'ona, wanaandika majina kwenye kitabu cha wageni. Mama akashuka ngazi. Akapita katikati yao, wakampisha. Akaweka kiganja kwenye mlango wa tanuri.

Kitinda, sijawahi kuuona uso ule. Akauweka mkono tena, wote wawili. Akageuka akanitafuta mimi, akanishika mabega, akanipapasa mashavu. Akasema, "Wewe upo." Akawatazama watu na vile viatu. Akasema, "Basi ni Kitinda." Akakaa sakafuni akaanza kulia.

Nilipiga kelele, "Mama, ni maonyesho! Ni wageni!" Nani anisikie? Kina mama waliokuja kutazama matofali wakaona mzee analia, wakakaa naye chini. Mmoja akamshika kichwa, mwingine akaanza, "Pole mama, pole sana." Waliokuwa nje wakaingia wakiulizana aliyefariki ni nani, wakaambiwa ni mtoto wake wa mwisho. Wanaume wakasimama ukutani mikono nyuma. Na huyo Bwana Usiguse, Mungu amsamehe, alidhani tumeandaa igizo la mila ya nyumba. Akawaelezea watu kwa furaha, akapiga makofi.

Niliwasha tanuri jioni ileile. Mama akashuka na ndoo ya maji akaumwagia moto, mvuke ukatujaa. "Unawashaje moto, mwanangu hajazikwa?" Akasema haliwashwi mpaka mwili wako ufike. Tangu hapo kila asubuhi anakaa kwenye benchi la mlangoni akitazama barabara, anasubiri uletwe. Chakula anakula akilazimishwa. Haulizi tena kama umekula, na hilo ndilo linalonikata maini.

Njoo akuone. Ni hilo tu. Njoo umwambie, "Mama, mimi hapa."

Dada yako

---

Jumapili, 2 Juni

Dada mpendwa,

Marehemu anakusalimu sana. Huku ahera kuna joto na umeme hukatika.

Usikasirike. Niliisoma barua yako nikacheka, kisha nikaisoma tena nikashindwa kula. Wanasema anayezushiwa kifo huongezewa umri, kwa hiyo mama amenipa miaka bila kujua. Nimechelewa kujibu kwa sababu, ah, nimechelewa tu. Mashine mbili zimeharibika, tunafanya zamu za watu wengine.

Nimefikiri hivi. Mpe simu nizungumze naye. Nitapiga Jumamosi, na safari hii usiseme sipokei, maana nitapiga mimi. Na humu ndani nimeweka picha niliyopiga mwezi huu mbele ya kiwanda. Nimeshika gazeti aone tarehe. Mwonyeshe. Mama si mjinga, ni mgonjwa wa kusahau tu, akiniona atakumbuka.

Kuja sasa hivi si rahisi, dada. Si likizo tu. Yapo mambo. Mwambie Mkandaji avumilie, moto utawaka.

Mdogo wako

---

Jumatatu, 17 Juni

Kitinda,

Hujambo. Sisi hatujambo, na safari hii nasema uongo.

Simu yako uliipiga, nashukuru. Mimi nilikuwa nimekaa naye, wewe hukumwona. Alisikiliza mpaka uliposema "Mama, ni mimi", akaiondoa simu sikioni akaitazama, akaniambia, "Dunia imeharibika. Watu wanaigiza sauti za maiti." Akaitumbukiza kwenye debe la unga. Ndiyo maana ulisikia kimya. Picha yako nayo niliiweka mkononi mwake. Aliibusu, akainuka akaitundika karibu na ya baba. Gazeti hakulitazama. Sasa kila jirani anayeingia anaona marehemu wawili ukutani, na mmoja anachekelea mbele ya kiwanda cha biskuti.

Tanuri bado baridi. Wateja wamezoea mkate wa dukani. Mkandaji amekaa mpaka ameaga, kaenda kukanda kwa mwenye tanuri la umeme kule barabara ya juu. Aliniaga kwa machozi, mzee mzima. Bwana Usiguse ndiye pekee anayenenepa. Anasema kwa kuwa tanuri limepoa lenyewe, kwa nini tusiliache hivyo, wakaweka kamba nyekundu na kibao, watu wawe wanaingia kila siku? Mama apelekwe pale penye uangalizi, anasema. Penye uangalizi! Nilimfukuza na ufagio, lakini Agosti mimi nikiondoka atarudi, na hatakuta wa kumfukuza.

Umesema yapo mambo. Mambo gani? Baba alipofariki hukuja. Tulikusubiri tukachelewesha maziko, watu wakaniuliza nikasema umekwama njiani. Mama akawasha tanuri mwenyewe ingawa ile ilikuwa kazi ya kitinda mimba. Sikukuuliza wakati ule na sikuwahi kukuuliza. Leo nakuuliza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ndio huu, mama yetu anakaa mlangoni anangoja jeneza la mtu anayebonyeza vitufe.

Usinijibu kwa mzaha. Nitaichana.

Dada yako

---

Jumapili, 14 Julai

Dada,

Shikamoo. Leo sina mzaha.

Unakumbuka nilivyotaka tuweke tanuri la gesi. Baba alikasirika, na wewe ulikuwa umeshaolewa, hukuwepo siku ya mwisho. Nilimwambia kifua chake hakiwezi tena moshi ule, daktari amesema, nawe mwenyewe ulisema. Akaniambia gesi nikaitafute kwingine. Akasema, "Utarudi hapa moshi ukishakatika." Mbele ya mama, mbele ya Mkandaji. Mimi nikachukua mfuko wangu.

Zikapita siku. Akafa, kwa kifua kilekile. Ukanipigia ukasema njoo. Dada, ningeingiaje? Moshi ulikuwa umekatika. Ningeonekana mlangoni siku ileile aliyonipa yeye, kama mtu aliyekuwa amekaa pembeni anangoja. Nilifika stesheni ya huku nikakata tiketi, gari likaja likaondoka, mimi nimekaa kwenye benchi. Nilisema nitakuja tanuri likiwaka. Likawaka, nikasema nitakuja kaburi likijengewa. Mwisho nikawa mtu wa kutembelea majiko ya wengine mara moja kwa mwaka.

Na sasa tena moshi umekatika, na mara hii ni kwa ajili yangu. Unaniambia nije, na mimi kila nikifikiri kupanda ile barabara na kuitazama dohani haina kitu, navua viatu tena.

Sijui nikuahidi nini. Sitaki kuahidi halafu ukachelewesha maziko tena.

Kitinda

---

Jumapili, 15 Septemba
Nyumbani

Dada yangu,

Shikamoo, na umsalimu shemeji, na watoto uwaambie mjomba amekiona kile kibao walichochora mlangoni likizo ya mwezi wa nne, "Mkate na Wageni Karibuni". Hakijafutwa. Tangu ukimbilie gari la asubuhi uwahi kazini nimetaka kukuandikia, lakini nilitaka kwanza niwe na la kuandika.

Ulikuwepo nilipofika Agosti, uliona mwenyewe. Nilipiga magoti mbele yake kwenye benchi nikasema, "Mama, mimi hapa," nawe ukiwa nyuma yangu unalia tayari. Akanitazama vizuri, akanishika kichwa, akasema, "Karibu baba, pole na safari. Mmemleta?" Ulipoondoka nilibaki hivyohivyo, mgeni. Nililala chumbani kwangu mwenyewe kama mgeni, nikatandikiwa shuka la wageni. Nilifagia, nikaziba lile paa la stoo. Kila asubuhi anashusha kiganja kwenye mlango wa tanuri, anakuja kuniuliza kwa upole, "Mwili bado?" Nami najibu bado, mama. Nilikuwa nangoja siku ataamka amekumbuka. Dada, wewe ni muuguzi, ulijua haitakuja. Mbona hukuniambia?

Jumanne iliyopita hakula kabisa. Alisema ulimi ni mchungu. Nikamwona vidole vyake vimebaki mifupa, vimekaa juu ya lile bati baridi la tanuri, nikasema basi. Nikamwendea nikamwambia, "Mama, tumeshamzika. Hukohuko."

Akaniuliza, "Watu walikuwepo?"

Nikasema walikuwepo wengi. Nikasema kiwanda kizima kilifungwa. Ukishaanza uongo wa aina hii, dada, unautafutia uzuri.

"Aliumwa sana?"

"Hapana, mama. Alilala tu."

"Alikuwa amekula?"

Hapo niliyatazama matofali. Alinishika mkono akauminya, ananihimiza, ananionea huruma. Nikasema, "Alikuwa amekula, mama. Alikula vizuri."

Akaitikia kwa kichwa. Akakaa. Halafu akasema, polepole, kama anamsimulia mtu wa mbali, "Baba yake alimngoja sana. Kila akiongeza kuni alikuwa anatoka nje, anatazama dohani, halafu anatazama barabara. Akasema, lile neno lilitoka kinywani, halikutoka moyoni. Kama si kifua hiki, akasema, ningemfuata kwa miguu." Dada, wewe ulijua hili? Kama ulijua ukaninyima, sikulaumu, lakini niambie. Nililia mbele yake kama mtoto. Akanipangusa kwa kanga yake akasema, "Ulikuwa rafiki yake. Pole. Pole sana, baba." Mama yangu alinipa pole ya kifo changu, nami nikaipokea.

Kisha akasema, "Basi washa. Msiba umekwisha."

Niliwasha. Mikono ilikuwa imesahau, kuni zikanigomea, nikameza majivu. Matofali yakachukua kutwa nzima kupata moto, unajua yalivyo wakaidi. Moshi ulipopanda, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akatoka nje akapiga mbinja, na kabla ya saa kumi Mkandaji akatokea uani na aproni yake kwapani, hajaitwa. Hakuniuliza kitu. Alinitazama, akamtazama mama, akaelewa, akaniita "kijana". Yule mzee alinibeba mgongoni utotoni, dada, na ameniita kijana bila kupepesa jicho.

Tukakanda pamoja. Mama akasimama mlangoni akinitazama muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa, na kutumaini. Akasema, "Wewe. Nani kakufundisha?"

"Mzee mmoja, mama. Alikuwa mkali."

"Unakanda kama marehemu mwanangu. Unamalizia kwa ngumi ya kushoto." Akavuta kanga akajifunga vizuri. "Kaa. Kazi ipo."

Nimeajiriwa, dada. Kiwandani nimewaandikia wasinitarajie.

Mdogo wako

---

Jumapili, 6 Oktoba

Kitinda wangu,

Nimeisoma barua yako wodini nimesimama. Matroni akadhani nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, ila marehemu ndiye aliyeandika. Akanipeleka nikakae.

Ya baba sikuyajua. Naapa kwa watoto wangu. Mama aliyafungia kifuani miaka yote hii, labda alitaka kukupa wewe mwenyewe mkononi. Na amekupa, kwa njia yake.

Nina hasira na mimi nilivyozima moto ule, na nina hasira na wewe kwa kujizika bila kuniuliza. Nikija Desemba nitamwambia ukweli. Nitamwambia, mama, huyu si mfanyakazi, huyu ni mwanao, mtazame masikio. Haiwezekani mtu akaishi nyumbani kwao kwa kuajiriwa. Wewe unawezaje kuamka kila siku?

Niambie anakula.

Dada yako

---

Jumapili, 27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wasalimu wote. Mkandaji anakohoa lakini hataki kupumzika. Nimemwekea dirisha la juu la kutolea moshi, baba angenifukuza tena. Mama anakula. Naliandika hili mwanzoni kwa kuwa najua ndilo utakalolitafuta. Na nashukuru kwamba Desemba ulipofika ukamwona anacheka na mimi juu ya debe la unga, ulilimeza lile neno lako. Nilikuona ukilimeza.

Jana ilikuwa Siku ya Milango Wazi. Bwana Usiguse alikuja wiki nzima kabla, na barua yenye mhuri, tanuri lizimwe. Nikamwambia katika nyumba hii hatuzimi bila maiti, na kama anajitolea ataje siku. Hakuirudia habari hiyo. Wageni wakaingia na viatu vyao, moto ukawaka, watu wakatokwa jasho, watoto wakapewa vipande vya moto wakaungua ndimi wakaomba tena. Kelele tupu. Ndivyo nilivyotaka.

Mama akashuka ngazi. Niliacha kukanda. Akapita katikati ya watu, akaweka kiganja kwenye mlango, akautoa haraka maana ulikuwa wa moto sana, akasema, "Haya, wote wazima." Nikapumua.

Kumbe hajamaliza. Akawageukia wageni, akawa ndiye mwongozaji. Akawaonyesha alipokuwa anasimama babu. Akawaonyesha kigoda cha baba. Halafu akaonyesha pale nilipo, unga mpaka kwenye viwiko, akasema, "Na hapa alikuwa anasimama mwanangu wa mwisho, Mungu amrehemu. Alikuwa na ngumi ya kushoto." Watu wakasema pole mama. Akasema, "Tumeshapoa. Huyu kijana ndiye aliyemzika. Ni mwema. Lakini mwaka unapita sijaona mtu wa kwao akija kumtazama. Ana mama kweli huyu?" Akawauliza wao. Mkandaji akainama kutafuta kitu chini ya meza na hakukipata kwa muda mrefu.

Unaniuliza ninawezaje kuamka kila siku. Nakujibu sasa. Wageni walipotoka na uani kumebaki makombo tu, alinivuta mkono akaniketisha kwenye kigoda cha baba, ambacho hakuna anayekikalia. Akaniuliza, "Umekula?"

Nikamwambia, "Nimekula, mama."

Akanitazama. Akasema, "Mwongo." Akaenda akanikatia mkate, akasimama pale mpaka nikaumaliza.

Kitinda